Kutua, Kupoa, Kuburudika: Muziki wa Mapumziko katika Njia ya Misafara

Kuna muziki ambao siku hizi husikika zaidi mahali watu wanaposubiri kuliko mahali wanapocheza. Husikika katika kumbi za kupokelea wageni hotelini, katika migahawa ya kahawa, ndani ya mabasi ya usiku dereva anapotaka abiria wasinzie, na katika simu za vijana waliokaa barazani jioni. Ngoma yake huenda taratibu kama moyo wa mtu aliyeketi. Juu yake hupita sauti nzito ya mwanamke inayokaribia kunong'ona, kinanda, tarumbeta iliyozibwa mdomo, pengine udi wa Kiarabu au filimbi ya Kihindi, wala hakuna kimoja kati ya hivyo kinachompigia mwenzake kelele. Vijana wa hapa Kaliua wanauita muziki wa kuchili. Neno wamelitoa ng'ambo pamoja na muziki wenyewe, na baadhi ya wapenzi wa lugha niwajuao huudhika mara mbili: kwa neno la kuazima, na kwa muziki usio na kabila.

Nataka kuutetea muziki huo kwa njia ya historia, na hoja yangu ni moja. Mvuto wake hautokani na ulaini wa sauti peke yake. Unatokana na mzigo ambao msikilizaji ameutua punde tu kabla ya kusikiliza. Kiswahili kimelijua jambo hili siku nyingi. Kimeliweka katika maneno yetu ya starehe na katika istilahi zetu za ushairi, na ardhi hii ya Unyamwezi, iliyokuwa pumziko kuu la watu wa njiani, inalishuhudia.

Tuanze ng'ambo, maana huko ndiko muziki huu ulikopewa jina. Mwaka 1978 Mwingereza Brian Eno alitoa santuri aliyoikusudia kwa viwanja vya ndege, akaiita kwa jina hilohilo, Music for Airports. Mwaka 1989, katika klabu ya Heaven jijini London, Alex Paterson na Jimmy Cauty walikuwa wakipiga muziki wa polepole katika chumba cha pembeni, kwa ajili ya wachezaji waliochoka na vishindo vya ukumbi mkubwa. Mwaka uliofuata kundi la KLF, ambalo Cauty alikuwa mmoja wa wawili waliounda, likatoa albamu iliyoitwa Chill Out. Kisiwani Ibiza, José Padilla aliwapigia watu muziki wa jua kuchwa katika mkahawa wa Café del Mar, na mkusanyo wa kwanza wenye jina la mkahawa huo ukatoka mwaka 1994. Jijini Paris nako, mkahawa wa Buddha Bar ulifunguliwa mwaka 1996, na santuri zake zikachanganya ala za Mashariki na midundo ya Magharibi hadi watu wakadhani mchanganyiko huo ndio asili yake.

Msomaji azitazame sehemu hizo: kiwanja cha ndege, chumba cha pembeni, ufuko jua linapozama. Hakuna hata moja iliyo mwisho wa safari. Zote ni mahali pa kati, ambapo mtu ameacha jambo moja na bado hajaanza jingine. Muziki huu ulizaliwa vituoni.

Sasa turudi kwenye maneno. Tunaposema burudani tunatamka baridi bila kujua. Maneno hayo mawili yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu unaohusu ubaridi, na kitenzi burudisha bado kinabeba maana zote mbili: maji hukuburudisha koo, na wimbo hukuburudisha moyo. Starehe na raha nazo ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kupumzika. Pumzika lina pumzi ndani yake, yaani kurudiwa na hewa baada ya kazi. Hakuna hata neno moja kati ya haya linalotaja shangwe, vishindo au wingi wa watu. Katika nchi za jua, lugha ilitafuta mfano wa furaha ikauona kivulini.

Wengine watasema kwamba maneno hayo ni ya Kiarabu, kwa hiyo nayo ni ya kuazima. Basi tulichukue poa, ambalo ni la Kibantu tangu na tangu. Uji hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Na kwa mtu aliyefikwa na jambo tunasema pole, neno la ukoo huohuo. Huku kwetu jambo hili lina ushahidi wa kila asubuhi. Wanyamwezi, na jirani zao Wasukuma, wakijuliana hali hujibu mhola, maana yake salama, amani, hakuna neno. Mhola na poa ni watoto wa shina moja la Kibantu: kupoa na kuwa na amani vimekaa katika neno moja. Kwa hiyo kijana wa Kaliua anayeulizwa mambo akajibu poa hasemi kitu kigeni. Bibi yake alijibu vivyo hivyo kwa Kinyamwezi kabla shule ya kwanza haijajengwa. Anaposema kuchili, anaazima ng'ambo kitu kilichokuwa kimehifadhiwa nyumbani.

Limebaki neno moja, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: kutua. Ndege hutua, jua hutua, na mwenye mzigo hutua. Kutokana nalo tumepata kituo. Mimi huwa nasikia undugu kati ya kutua na kutulia, kana kwamba utulivu ni hali ya mtu ambaye kichwa chake kimeachana na mzigo. Neno hili ndilo linalotupeleka barabarani.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo na pwani ya jirani, ikapanda Ugogo, ikafika Unyanyembe, mahali ambapo wageni wengi walipaita Kazeh na ambapo leo ni mji wa Tabora. Kutoka hapo ilishika magharibi kwenda Ujiji na Ziwa Tanganyika, ikipasua misitu ya miombo ambayo wilaya yetu imo ndani yake. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi, na pembe kubwa za ndovu zilizidi hapo. Burton na Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba, yaani baada ya zaidi ya miezi minne. Mtu aliyetembea hivyo hapiti mji, hutua. Wapagazi walilipwa, wengine wakarudi mashambani kwao, wengine wakaandikwa upya. Wafanyabiashara walisubiri habari, walisubiri vita viishe, walisubiri mvua ikatike. Livingstone mwenyewe, baada ya kuachana na Stanley mwezi Machi 1872, alikaa Kwihara karibu na Tabora hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Miezi mitano ya kusubiri! Tabora ilikuwa ukumbi wa kungojea wa nusu ya bara.

Misafara ilikuwa na muziki wa namna mbili. Uliokuwa wa mwendo uliongozwa na kirangozi aliyetangulia na bendera, ngoma ikimfuata nyuma, mmoja akitoa wimbo na wengi wakiupokea. Kazi ya wimbo huo ilikuwa kuusukuma mguu. Lakini Burton ameieleza pia zeze, ala ndogo ya uzi na kibuyu ambayo Wanyamwezi waliipiga. Zeze haliwezi kuongoza msafara. Sauti yake haifiki kwa mtu wa kumi katika mstari. Ni ala ya mtu aliyeketi, inayomfaa mpigaji na wawili watatu walio karibu na moto. Zeze lilikuwa muziki wa kutua, miaka 120 na zaidi kabla ya chumba cha pembeni cha London.

Na huko kituoni ndiko mchanganyiko ulikozaliwa. Barabarani kila msafara ulishika mstari wake. Kituoni, Mnyamwezi alikaa jirani na Mswahili wa Mrima, Mmanyema aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Mwarabu wa Omani, Mbaluchi na Mhindi. Kiswahili kilipanda bara kwa njia hiyohiyo, kikijifunza kwenye kila kituo. Anayeudharau muziki kwa kuwa ni mseto aiangalie lugha anayoutumia kuudharau.

Lakini sitaki kuipaka njia hii mafuta mazuri. Katika mstari uleule walipita watu waliofungwa minyororo na makongwa. Kutua ni kitenzi cha mtu mwenye mzigo wake. Aliyegeuzwa bidhaa hatui, hutuliwa. Jina la Bagamoyo lenyewe limegawa wasimulizi. Wengine husema ni bwaga moyo ya mpagazi aliyefika pwani akauacha uchovu wake. Wengine husema ni ya mtumwa aliyeambiwa auache moyo wake huko kwa kuwa hatarudi. Sioni haja ya kuchagua. Neno moja lilikuwa na wasemaji wawili, mmoja akipumzika na mwingine akikata tamaa, pengine kwa siku moja na chini ya mwembe mmoja. Ndiyo sababu nasema muziki wa mapumziko si jambo jepesi. Haki ya kutua ilikuwa mpaka kati ya mtu huru na asiye huru.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikafuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikajengwa tawi la kwenda Mpanda kwenye madini ya risasi, na tawi hilo linaachana na reli ya Kigoma hapa Kaliua. Neno kituo likahama kutoka kambini kwenda stesheni bila kubadili maana. Na pamoja na reli zikaja sauti mpya. Beni, ngoma iliyopata jina lake kutokana na bendi za Wazungu, ilisambaa kutoka pwani hadi miji ya bara. Kutoka mwaka 1933 kampuni ya HMV ilianza kutoa santuri za mfululizo wa GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba, zikauzwa Afrika. Rumba hiyo ilikuwa imejengwa na vizazi vya Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Ikarudi bara ndani ya kisanduku cha gramafoni, na wenyeji wakaitambua kama mtu anavyomtambua jamaa aliyepotea kwa namna anavyotembea.

Tabora ikawa mji wa bendi. Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata ziliufanya mji mmoja wa bara ujulikane nchi nzima kwa magitaa. Shem Ibrahim Karenga wa Tabora Jazz alituachia Dada Asha, wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini wazee husimama kabla ya vijana. Neno Jazz katika majina hayo lisimdanganye mtu. Halikumaanisha muziki wa Marekani. Lilimaanisha kwamba sisi nasi ni watu wa mjini, tuna gitaa la solo, la rithimu na la besi, tuna tumba na saksafoni, na tunaimba kwa Kiswahili ili Mnyamwezi, Muha na Mmanyema wasikie sawa.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo mshairi atalipenda. Wimbo wa dansi wa Tanzania ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikwenda taratibu: mwimbaji alisimulia, magitaa yakasokotana chini yake, wachezaji wakashikana bila haraka. Kisha gitaa la solo lilianza kuzunguka, mwendo ukapanda, saksafoni zikaingia, na hiyo ndiyo sehemu wanamuziki waliyoiita chemko. Wimbo ulianza umepoa, ukaishia umechemka. Sifa ilienda kwenye chemko kwa sababu ndiyo iliyojaza ukumbi. Lakini maneno, yaani ushairi, yalikuwa katika sehemu iliyopoa. Muziki huu wa sasa wa kuchili ninausikia kama wimbo wa dansi uliokataa chemko, ukaamua kubaki katika sehemu ya kwanza usiku kucha. Hata ile sauti ya mahaba, nzito na ya karibu, haikuanza nao. Waimbaji wa dansi walijua kwamba jambo la moyo husemwa kabla ngoma haijapanda, wakati msikilizaji bado anaweza kusikia.

Udhaifu wake nao ndio huohuo. Wimbo wa dansi ulikuwa na jina la mtu, ugomvi wa nyumba, safari, deni. Muziki mwingi wa mapumziko wa leo hauna mzigo wowote ndani yake. Umebaki na ubaridi bila kitu kilichokuwa cha moto. Mkono ambao haukubeba hauwezi kutua. Muziki wa namna hiyo ni manukato ya chumba, na sina ugomvi na manukato, ila sitayaita chakula.

Wenzangu washairi, sisi tumelijua somo hili kwa majina. Mshororo wa mwisho wa ubeti wengi wetu huuita kituo. Ukirudiwa ubeti baada ya ubeti huitwa kibwagizo, na kubwaga ni kutupa mzigo chini. Hayo ni maneno ya mpagazi. Sikutani nikisema kwamba ubeti wa tarbia ni safari fupi: mishororo mitatu ya kupanda, mmoja wa kutua. Msikilizaji anayeghaniwa utenzi mrefu hukingoja kituo kama mbeba pembe alivyoungoja mwembe. Na si ajabu kwamba aliyetuandikia kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954, alikuwa mtoto wa njia hii: Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924 na akasoma Tabora. Mizani, vina na vituo vyetu vilipangwa upya na mtu aliyekulia kwenye ncha ya barabara ya wapagazi.

Kwa hiyo kibwagizo kibaya hukijua vipi? Ni kile ambacho hakijabebeshwa kitu. Mtunzi ameandika mishororo mitatu myepesi, kisha anatualika tupumzike. Tupumzike kutoka wapi? Kosa hilo ndilo la muziki mtupu wa hotelini, na dawa yake ni moja: kuongeza uzito kabla ya kituo.

Mfano wa uzito huo uko karibu nami. Makazi ya Ulyankulu, ambayo leo yamo katika Wilaya ya Kaliua, yalifunguliwa kwa ajili ya wakimbizi walioikimbia Burundi mwaka 1972. Walikatiwa msitu, wakagawiwa viwanja kwa barabara zenye namba. Kutoka huko ikatokea kwaya iliyobeba jina la barabara yake, Kwaya ya Barabara ya 13 Ulyankulu, na kanda zake zikachezwa katika nyumba za Wakristo na wasio Wakristo nchi nzima. Hakuna atakayeziita nyimbo zake muziki wa kuchili. Lakini nimeona watu wakizisikiliza kwa namna ileile: wameketi, wametulia, macho yako mbali. Waliofika na mizigo vichwani na mingine isiyoonekana walitafuta mahali pa kuitua, wakapata sauti nne na wakati wa jioni. Mwaka 2014 serikali ilitangaza uraia kwa zaidi ya watu 150,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Miaka 42 ni muda mrefu wa kusubiri kituoni.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepita mlangoni akamwona dereva wa lori la tumbaku ameegemea kiti, macho yamefumba, simu inatoa kinanda na sauti ya mwanamke ambaye lugha yake haijui, atasema ni uvivu. Hajui dereva ametoka wapi wala saa ngapi alianza. Mimi nikiuona utulivu huo najiuliza kwanza juu ya mzigo.

Pendekezo langu kwa wapenzi wa lugha ni dogo. Tusiwakemee vijana kwa kuchili, tuwape neno. Tuuite muziki wa kutua. Neno hili ni fupi, lina historia, na linauliza swali ambalo neno la kuazima haliulizi: unatua nini? Na kwa washairi wanaotafuta kazi ya kufanya, ala hizi taratibu zina nafasi kubwa ya maneno ambayo bado haijajazwa. Zina mwendo wa utenzi, zina subira, na zinarudia kituo kimoja kwa dakika saba bila kuchoka. Kilichokosekana ndani yake ni mishororo mitatu ya kwanza.